Wageni wa Mwalimu Sekela

Nchi ninayotaka kuwasimulia haiko popote. Nimeitafuta mwenyewe kwenye ramani kubwa ya ukutani pale ofisi ya kata, nikaikosa, nikafurahi sana. Kwa hiyo msomaji akijikuta anatikisa kichwa na kusema "hii naijua," hilo litakuwa shauri lake na familia yake. Mimi simo. Mimi nauza kufuli.

Kufuli ni biashara nzuri kwetu. Watu wetu ni wakarimu mno, na mtu mkarimu hawezi kuishi bila kufuli. Mlango wangu una kufuli tatu, na hata hivyo sina tabia ya kumshuku mtu bila sababu. Kwanza natafuta sababu, nikishaipata ndipo namshuku. Mke wangu anasema mambo hayafanywi hivyo, lakini naye tangu aanze kununua sukari duka la mbali nimekuwa nikimtazama.

Ukarimu wetu umo ndani ya sheria. Mgeni akifika kwako, awe shangazi kutoka shamba au fundi wa antena aliyeachwa na basi, unakwenda kumwarifu balozi wa nyumba kumi kabla chai haijapoa. Balozi anakuja, anamkagua mgeni, anamuuliza ataondoka lini, kisha anakula naye. Mgeni ambaye balozi hajala naye hajafika kisheria. Kila mgeni ana mwenyeji mmoja wa kumjibia: amelala wapi, amekula nini, amecheka na nani. Na siku moja kabla ya wiki kwisha, mwenyeji lazima amtembeze mgeni wake nyumba kwa nyumba akimtambulisha, ili asije akajulikana na watu wachache tu. Serikali yetu haipendi mambo yanayojulikana na watu wachache, isipokuwa bei ya magari yake.

Tuliishi hivyo kwa raha miaka mingi, mpaka Mwalimu Sekela Mbonde alipopokea wageni darasani.

*

Mwalimu Sekela anafundisha Kiingereza katika sekondari ya mtaani kwetu. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye chaki vidoleni hata siku za sikukuu. Amesomesha watoto wa karibu kila nyumba, na wangu pia, ambaye kabla ya kukutana na mama huyo alikuwa anasoma kwa kubahatisha.

Siku hiyo aliandika ubaoni kitenzi kimoja cha Kiingereza. Sitakiandika hapa, nina watoto wa kulea. Ni kile cha herufi tatu ambacho hata wa chekechea wanakijua, kile cha mbwa akikimbia.

"Leo nataka mwone neno moja linavyoweza kubeba kazi nyingi," aliwaambia.

Akaanza kuzipanga. Mbwa akikimbia, Waingereza wanatumia kitenzi hicho. Mto ukitiririka, hicho. Pua ikitoa makamasi, nguo ikichuja rangi, friji ikinguruma, mfungwa akitoroka, gazeti likichapisha habari, hicho hicho. Mtu akigombea kiti kwenye uchaguzi, hicho. Na mkuu wa nchi akiiendesha nchi yake, wala hawatafuti kingine.

Nyuma ya darasa alikuwa ameketi Afisa Tilya wa Idara ya Usikivu. Kila darasa nchini lina afisa wake, na watoto walishamzoea huyu kama walivyolizoea kabati. Alikuwa anasinzia taratibu, hana ubaya na mtu, mpaka msichana mmoja aitwaye Rehani aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo kwa Kiingereza, vile Mtukufu anavyoifanyia nchi ndivyo inavyofanya pua yenye mafua?"

"Kitenzi ni kimoja, maana ni tofauti," Mwalimu alijibu. "Ndiyo sababu tunasoma."

Afisa Tilya akaamka. Wapo wanaosema alitimka mbio hadi ofisini, lakini hao wana nia mbaya. Alitembea kwa haraka tu, na kofia aliisahau.

*

Jioni ile balozi wetu, Mzee Mshindo, akaja kwa Mwalimu. Mimi nilikuwa uani kwangu nakaza kamba ya kuanikia nguo, kazi inayonichukua muda mrefu sana balozi akiwa kwa jirani.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa una wageni."

"Wageni? Niko peke yangu, mzee. Ingia uone."

"Si wa hapa. Wa darasani. Kuna kitenzi cha ng'ambo kimeingia na maana zake, na mimi hukuniarifu."

Mwalimu akacheka. Alicheka kwa moyo wote, mpaka alipoona kwamba mzee hacheki.

"Mzee Mshindo, lile ni neno tu."

"Limetoka wapi?"

"Uingereza."

"Basi limetoka nje likaingia ndani, na anayetoka nje akaingia ndani ni mgeni. Sheria sikuitunga mimi, mwanangu, nimeikuta. Ziko ngapi hizo maana?"

"Kamusi yangu ndogo inazo chache. Zile kubwa zinasema mamia."

Mzee akajikalia juu ya ndoo iliyokuwa imefunikwa mlangoni. Akili yake ilikuwa imekwenda moja kwa moja kwenye ile kanuni ya kula na kila mgeni, na alikuwa ametoka kula kwake.

"Mamia," alisema. "Na zote zinatumia jina moja?"

"Jina moja."

"Watu wema hawafanyi hivyo, mwanangu."

Kwa kweli hata mimi, nikiwa na kamba yangu mkononi, niliona mzee ana hoja.

*

Kesho yake akaja Waziri wa Ukarimu na Ulinzi mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Ngonyoka. Udaktari wake ni wa heshima, alipewa na chuo kikuu ambacho bado kinajengwa. Tukakusanywa uwanja wa mpira. Mheshimiwa akapanda jukwaani, akafuta uso kwa kitambaa, akaanza kwa upole, kama kawaida ya mtu anayekuja kutisha.

"Ndugu wananchi, sisi hatuna ugomvi na lugha ya mtu. Tunazipenda lugha. Mimi mwenyewe ninayo moja nyumbani. Lakini naomba mniambie, kiumbe mwenye jina moja na shughuli mia, nyinyi mnamwitaje? Asubuhi anatiririka mtoni. Saa nne yuko puani kwa mtoto wa watu. Mchana anatoroka gerezani. Na jioni, ndugu zangu, jioni ya siku hiyo hiyo, yumo Ikulu anaendesha nchi! Alipita geti lipi? Nani alimpekua?"

Tukapiga makofi, maana swali lilikuwa zuri.

"Hata hivyo, serikali hii haifukuzi mgeni. Nimeamua tutumie ile kamusi ndogo, kwa sababu ya hali ya uchumi. Kila maana iliyomo itafutiwe mwenyeji wake kabla ya Jumamosi. Ikibaki hata moja haina mwenyeji, zote zitahesabiwa ni wageni wa Mwalimu Sekela, walioingia kwa siri, na Mwalimu atakwenda kupumzika."

Hapo tuliokuwa tukipiga makofi tukaficha mikono. Nchini kwetu watu hupumzikia katika Nyumba ya Mapumziko, jengo jeupe, zuri, lenye maua mbele na ukuta mrefu nyuma. Wanaokwenda kule hupumzika kwelikweli. Mume wa Bi Kashinde, dobi wetu, alikwenda kupumzika kwa sababu ya mluzi aliokuwa akiupiga huku akipiga pasi. Hiyo ni miaka mingi sasa, na bado hajamaliza kupumzika. Bi Kashinde huosha shati lake kila wiki na kulianika pamoja na ya wateja. Sisi tunapita tu, hatuulizi.

*

Bi Kashinde ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Ile ya nguo kuchuja rangi nipeni mimi. Imenitesa miaka yote hii, leo ndio nimeambiwa jina lake."

Mama mmoja mwenye mapacha akachukua ya pua. Fundi friji akachukua ya friji. Timu ya mtaa ikajitolea kuwa mwenyeji wa kukimbia, watazamaji wakaguna kwanza, kwa kuwa msimu ule hakuna aliyewaona wakikimbia. Ya kutoroka akaichukua askari magereza mmoja, akisema tabia zake anazijua. Mhariri wa gazeti la serikali alichukua ya kuchapisha habari, mchana akairudisha, akalalamika kwamba kwenye gazeti lake itakufa kwa upweke. Ikaenda kwa muuza samaki, ambaye angalau anafungia samaki wake kwa magazeti. Kuhusu ile ya kuiendesha nchi, Ikulu ilituma ujumbe kuwa ina mwenyeji wake wa siku nyingi na hatoki.

Mimi nilichagua ya mto kutiririka, kwa sababu mto uko mbali na kwangu.

Msidhani kazi iliishia hapo. Afisa Tilya alipita kila nyumba asubuhi na jioni.

"Mgeni yupo?" aliniuliza.

"Yupo."

"Amelala wapi?"

"Kwenye beseni. Nikaona kwa kuwa ni wa mtoni, mkeka ungemuumiza."

"Amekula?"

"Amekunywa."

Akalitazama beseni kwa muda, akanipongeza, akaenda zake. Nyuma yake alifuata Mzee Mshindo, akila kila nyumba kama sheria inavyotaka. Siku ya pili alifungua kifungo cha suruali, siku ya tatu akaja amevaa kanzu. Kwa muuza samaki alilia machozi mbele ya sahani.

Kilichonitia wasiwasi ni watu. Mtaa wetu haujawahi kukubaliana juu ya kitu chochote, hata mahali pa kutupa taka. Sasa kila mtu anatandika mkeka kwa ajili ya mgeni asiyeonekana, na hakuna anayenung'unika wala kumtaja Mwalimu Sekela, ingawa kila mtu alijua anatandika kwa ajili ya nani. Watu wanapoelewana bila kusemeshana, mfanyabiashara wa kufuli ana haki ya kuogopa. Wiki ile sikuuza hata moja.

*

Ijumaa tukaitwa tena uwanjani. Maana zote zilikuwa na wenyeji isipokuwa moja, ile ya kugombea uchaguzi.

Uchaguzi wetu ulikuwa umekaribia. Huwa tunachagua jina moja tu, ili wananchi wasichanganyikiwe. Mtu wa mwisho aliyeongeza jina lake pale naye anapumzika, na inasemekana amepewa chumba cha pembeni. Kwa hiyo Mheshimiwa alipouliza nani atampokea mgeni huyu, wote tukagundua kwamba tuna viatu vya kutazama. Timu ya mtaa ikasema nyumba imejaa. Mzee Mshindo akashika tumbo. Bi Kashinde alifungua mdomo, mwanawe akamshika mkono kwa nguvu.

Mlango wa gari la Wizara ulikuwa umeshafunguliwa.

"Basi huyo nitakaa naye mwenyewe," alisema Mwalimu Sekela. "Nina chumba."

Mheshimiwa akacheka mpaka miwani ikashuka. Sheria ilikuwa imetimia: kila maana ilikuwa na mwenyeji, na Mwalimu alikuwa na mgeni mmoja tu, kama raia mwingine yeyote. "Mwalimu wa kike na kakitenzi kake!" alisema. "Mkae salama. Sheria zote za mgeni zifuatwe." Mlango wa gari ukafungwa, akaondoka.

Nadhani pale ndipo alipokosea. Mtu wa nchi nyingine asingekosea vile. Lakini Mheshimiwa alizaliwa hapa hapa, ukarimu umo damuni mwake, akasahau kabisa kwamba sheria mojawapo ya mgeni ni kumtembeza.

*

Jumamosi asubuhi Mwalimu akavaa kitenge chake cha harusi za watu, akatoka kumtambulisha mgeni wake nyumba kwa nyumba. Afisa Tilya alikuwa mbele, kama sheria inavyosema, ndiye anayebisha hodi na kutangaza. Ana sauti nzito, nayo ilisikika hadi sokoni.

"Hodi humu! Mwalimu Sekela amekuja na kugombea!"

Watu wakatoka. Mwalimu hakuomba kitu. Nyumba zote alisema maneno yale yale: "Huyu ni mgeni wangu. Nimemleta mfahamiane." Sasa, kwa adabu yetu mgeni lazima aulizwe habari za atokako, na mama wa mapacha akauliza.

"Karibuni. Habari za huko kwao?"

"Kwao ni njema," Mwalimu alisema. "Huko wanasimama watu wawili au watatu, na wananchi wanachagua wamtakaye."

"Heee. Na yule anayeshindwa wanampeleka wapi?"

"Anarudi nyumbani kwake."

Mama wa mapacha akashika mwimo wa mlango. "Nyumbani kwake? Hivi hivi?"

"Hivi hivi. Anakula, analala."

Afisa Tilya akakohoa, lakini hakukuta kifungu kinachokataza mgeni kuulizwa habari za kwao.

Tena kuna kusindikiza. Kwetu humwachi mgeni mlangoni, unamsindikiza mpaka nyumba ya pili. Kila nyumba ikasindikiza. Walipofika kwa muuza samaki walikuwa wengi, walipofika kwa fundi friji walikuwa wamejaa njia, na kila mlango swali lilikuwa lile la mama wa mapacha, na jibu likawa lile. Bi Kashinde aliuliza mara mbili. "Anarudi kwake?" akasema. Halafu akaanua shati la mumewe kambani, akaliweka begani, akaungana nao.

Mimi niliwasikia wakija. Nilichungulia tundu la kufuli, kisha nikaanza kufungua, taratibu, nikitumaini watachoka. Hawakuchoka.

"Jirani Mfaume," alisema Mwalimu, "huyu ni mgeni wangu."

Nikatazama pembeni yake. Hapakuwa na mtu.

"Karibuni," nikasema. Sheria ndivyo inavyotaka.

*

Kabla jua halijapinduka Mheshimiwa alikuwa amerudi, safari hii na magari mengi, na uso wake haukuwa na upole wa kuanzia. Alitaka kujua nani ameruhusu kampeni. Afisa Tilya akamweleza, kwa sauti ile ile nzito, kwamba ni yeye.

Nataka ieleweke kwamba serikali yetu ni ya sheria. Haimchukui mtu hivi hivi, inahitaji shahidi mmoja. Wawili inawaona fujo. Kwa hiyo viti vikapangwa uwanjani chini ya turubai, na kando yake soda kwenye ndoo ya barafu.

"Waliomsikia huyu mwanamke akiomba kura wakae kwenye viti," alitangaza Mheshimiwa. "Waliompokea huyo mgeni wake wakae chini juani, tuwaone vizuri."

Mtaa wote ukaenda kukaa chini. Mimi nilikuwa bado nimesimama nikitafakari, Afisa Tilya akanishika mkono kirafiki. "Wewe ni mtu wetu," akaninong'oneza, akaniongoza mpaka kwenye kiti, akanifungulia soda ya machungwa. Viti vilikuwa vingi, na mkaaji nilikuwa peke yangu.

"Ndugu Mfaume, mzalendo," alisema Mheshimiwa, "waeleze wenzako jinsi Mwalimu alivyokuomba kura."

Mwalimu Sekela alikuwa amesimamishwa kando ya gari, mlango uko wazi, mkono umeshika kimkoba alichokifungasha haraka. Hakunitazama kwa kunisihi wala kwa kunilaumu. Alitazama vidole vyake, akawa anajifuta chaki.

Niliogopa. Sioni aibu kusema. Chupa ilikuwa baridi mkononi na mgongo wangu ulikuwa baridi zaidi. Nilijua neno moja tu likinitoka, kila mtu atakwenda kwake, na mimi nitarudi kwenye kufuli zangu. Nikamwona mwanangu kule juani, amekaa karibu na Rehani, ananitazama. Halafu tabia yangu ikanijia. Nikaanza kukishuku kile kiti. Kiti laini vile, kivulini, na soda juu yake, mbona watu wote wale hakuna anayekitaka?

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba sana, "hakuniomba kitu. Aliniletea mgeni, nikamkaribisha."

"Keti, ufikirie vizuri."

"Nimefikiria."

Nikainuka. Ule uwanja ni mdogo, timu yetu hulalamika kila siku kwamba ni mdogo, lakini siku hiyo niliuona mrefu. Nikafika juani, nikasimama kama mtu aliyekosea harusi. Nyuma yangu viti vilikuwa vitupu vyote. Mheshimiwa akauliza kama kuna mwingine. Akauliza tena, kwa ukali. Kisha akamtazama Afisa Tilya, na Afisa Tilya akaanza kutafuta kofia yake. Mwishowe dereva, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, aliufunga ule mlango wa gari, kwa kuwa vumbi lilikuwa linaingia.

"Sogeeni, jirani akae," alisema Bi Kashinde, akilikusanya lile shati mapajani kunipa nafasi. "Na hiyo soda, Mfaume, usijifanye umeisahau."

Nikampa. Akanywa kidogo, akampa mama wa mapacha, naye akampa Mzee Mshindo, aliyeikataa kwa kushika tumbo. Ikapita mkono kwa mkono hadi ikamfikia Mwalimu Sekela, ambaye alikuwa amekuja kukaa chini pamoja nasi, na kimkoba chake magotini.